Nataka kuanza kuandaa sherehe za watoto Mbeya, mtaji milioni 2. Nianzie wapi?

Binti_Uyole

Habari za humu wakubwa. Niko Uyole, Mbeya. Nina milioni 2 mkononi na nataka kuanza kazi ya kuandaa sherehe za watoto: siku za kuzaliwa, ubatizo, mahafali ya chekechea. Kupamba najua kiasi, kupika sijui zaidi ya chakula cha nyumbani.

Kwanza, ninunue nini na nikodi nini? Kuna mtu ananishawishi nichukue jumba la hewa la watoto kurukia, limetumika lakini zima. Pili, bei napangaje? Tatu, ni vitu gani huharibika siku yenyewe? Naomba majibu yenye namba. "Mungu atabariki" nimeshaambiwa na ndugu wa kutosha.

MamaMaputo

Mdogo wangu, jumba la hewa liache. Litameza mtaji wote, kisha utahitaji gari la kulibeba, jenereta, mtu wa kulisimamia na mahali pakavu pa kulihifadhi. Mvua za kwetu zinaanza Novemba na kufika Aprili au Mei, na turubai likikunjwa na unyevu linaota ukungu na kuachia mishono. Mwenye nalo mjini yupo. Mkodi, weka faida yako juu, kesho yake uamke huna mzigo.

Na usinunue kile ambacho wapambaji wa harusi tayari wanacho. Maturubai, viti vya watu wazima, muziki, masufuria, vyote vinakodishwa. Kitu kigumu kupata cha kukodi ni viti vidogo na meza fupi za watoto. Mtoto wa miaka 4 ukimkalisha kiti cha mtu mzima miguu inaning'inia, sahani anaishika mapajani, pilau lote chini. Viti vidogo 30 na meza fupi 4 ndiyo mali yako ya kwanza. Ya pili ni fremu ya mabomba ya kutundikia pambo la nyuma ya meza ya keki, urefu wa mita 2 na upana wa mita 3, inayofunguka vipande ili iingie kwenye bajaji. Chukua vitambaa vitatu vya rangi zisizochosha, nyeupe, bluu ya mawingu na waridi iliyopoa. Hivyo vitatu ukivichanganya na maputo vinatoa sura nyingi. Usishone kitambaa chenye picha ya katuni fulani, mwakani watoto watakuwa wanataka katuni nyingine. Tatu, pampu ya umeme ya maputo yenye midomo miwili, na pampu mbili za mkono za akiba. Umeme ukikatika saa 3 asubuhi na maputo 120 hayajajazwa, mapafu hayatoshi.

Maputo sasa. Upinde wa mita 3 unakula kama maputo 110 hadi 120: ya inchi 10 au 12 yapatayo 65, ya inchi 5 yapatayo 45, na makubwa ya inchi 18 sita au nane. Nunua zaidi kwa asilimia 15 kwa ajili ya yanayopasuka. Kata tundu la duara kwenye boksi gumu, pitisha kila puto humo ili yalingane. Puto la inchi 10 lijaze hadi inchi 8 au 9 tu. Likijazwa mpaka shingo inavimba kama pea, halina nafasi ya kutanuka, na kwetu kutanuka ni lazima: asubuhi ya Julai chumba kina baridi kali, saa 6 jua liko juu yake. Yafunge mawili mawili, zungusha jozi mbili upate fungu la manne, kisha mafungu yafunge kwenye mshipi wa kuvulia. Ya rangi nyeusi na ya bluu iliyokoza usiyaweke juani, yananyonya joto na kupasuka ya kwanza. Ya hewa ya kawaida yakijazwa jana yake yakalala ndani yanafika salama.

Kuna hili la milima watu hawalifikirii. Ukijaza maputo Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ukayapeleka Chunya, njiani unapanda mlima mamia ya mita juu zaidi kabla ya kushuka. Hewa ya nje inapungua nguvu, puto linatanuka, lililojaa sana linapasukia kwenye gari. Ukishuka Kyela ni kinyume, yanafika yamenywea, upinde unalegea. Sherehe ikiwa mbali, beba pampu ujazie hukohuko.

Bei. Andika gharama zote za shughuli hiyo, hata utepe, hata vocha. Ongeza usafiri wa kwenda na kurudi (kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hupeleka vitu mchana na kuvifuata usiku, hizo ni safari mbili), ongeza posho za wasaidizi, ongeza uchakavu wa vifaa vyako. Juu ya hapo ndipo uweke ujira wako. Mfano, gharama zote zikifika 380,000 na kazi inakula siku ya manunuzi, siku ya kupamba na nusu siku ya kuosha na kurudisha vitu, usitoze 420,000. Hiyo 40,000 ni posho ya msaidizi, wewe umefanya bure. Anzia 520,000, na mteja akilia bei punguza kitu, si ujira: toa upinde, weka mafungu mawili ya maputo pembeni mwa meza.

Malipo, nusu siku ya kuweka tarehe, iliyobaki siku mbili kabla ya shughuli. Ukisubiri mpaka baada ya keki utaambiwa "baba yake kalala, njoo kesho".

FundiJenereta

Nakubaliana na mama hapo juu, ila hata ukilikodi jumba la hewa, atakayelaumiwa likitokea la kutokea ni wewe. Kwa hiyo jua unachokikagua.

Feni ya jumba la kawaida inakula wati 1,100 hadi 1,500 na haizimwi muda wote. Ikizimika, jumba linalala ndani ya dakika moja mbili na watoto wako ndani. Lazima awepo mtu mzima mmoja mlangoni, hana kazi nyingine, si kupiga picha wala kuchezea simu. Umeme ukikata anawatoa kwanza, maswali baadaye.

Vigingi: jumba zima lina pete za kufungia, zisipungue 6, na zote zifungwe. Kigingi kiwe cha chuma, urefu wa sentimita 38 au zaidi, kipigwe kikiwa kimeinamia upande wa nje wa jumba. Wengi wanafunga pete nne, wanasema leo hakuna upepo. Udongo wa Mbeya ukishiba mvua ni laini, kigingi kifupi kinatoka kama msumari kwenye boga. Juu ya sakafu ya saruji vigingi havipo, na viroba viwili vya mchanga vilivyorushwa pembeni si kitu: kila pete inahitaji uzito wa kilo 160 hivi. Kama uzito huo haupo, usilisimamishe.

Upepo, kiwango cha juu kinachokubalika ni kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Tazama miti. Vimiti vyenye majani vikianza kuyumba vyenyewe, uko karibu na kikomo: toa watoto, zima feni. Walio Makambako na Iringa mjini hili wanalijua zaidi, kule upepo wa mchana hauna adabu. Kwa jumba la mita 4 kwa 4, watoto 8 wa miaka 3 hadi 5 kwa zamu, au 5 wa miaka 8 hadi 10. Usichanganye wakubwa na wadogo, kuumia kwingi ni mkubwa kumwangukia mdogo. Viatu, miwani, hereni na pipi mdomoni vibaki nje.

Kuhusu jenereta, hiki ndicho kinawaumbua wengi. Injini ya petroli inapoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa mita 1,700 umepoteza karibu asilimia 20. Jenereta iliyoandikwa kilowati 2.8 hapa inakupa kama 2.2. Feni wati 1,100 na mashine ya bisi wati 1,300 tayari umezidi, na feni wakati wa kuwaka inavuta mara mbili tatu ya hiyo kwa sekunde chache. Washa feni kwanza peke yake, ikitulia ongeza muziki. Bisi zipigwe kabla watoto hawajafika.

Kwenye umeme wa nyumba, waya wa kuunganishia wenye fyuzi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Feni, bisi na mashine ya pamba za sukari kwenye waya mmoja unatafuta moto. Na waya wa kwenye gurudumu ufunguliwe wote, ukiachwa umejiviringisha unapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Uliza pia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ina yuniti ngapi. Najua ni aibu kuuliza. Uliza.

Mpishi_Sisimba

Dada, chakula mpe mpishi, lakini hesabu uijue mwenyewe, la sivyo utapigwa kwenye mchele.

Kanuni ya kwanza, wakialikwa watoto 25, pikia 35. Wadogo zao wanakuja, wa jirani wanachungulia ukutani, na hapa kwetu mtoto hafukuzwi kwenye sherehe. Ongeza wazazi na mashangazi 15. Sasa piga: mtoto gramu 80 za mchele mkavu, mtu mzima gramu 130. Inakuja kilo 4.8, pima kilo 5. Kama ni wa Kyela, usimimine maji kwa mazoea ya mchele wa dukani uliokaa, hasa ukiwa wa mavuno mapya, unakuwa bokoboko. Kuku mmoja vipande 10, kwa hiyo kuku 5, kipande kimoja tu kwa kichwa, na ongeza wa sita kwa mpiga picha na wasaidizi. Juisi vikombe viwili vya mililita 200 kwa kila mtoto, lita 14. Soda kwa watoto mimi siungi mkono, chupa inafunguliwa, inanywewa robo, inaachwa, nyingine inafunguliwa.

Keki ya kilo 4 inatosha watu 50 kwa kipande cha gramu 70 hadi 80. Watu wanaagiza kilo 7 kwa ajili ya picha, nusu inarudi jikoni. Kama mteja anataka urefu, ghorofa ya chini iwe ya boksi lililopakwa krimu.

Ukija kuoka mwenyewe, usichukue vipimo vya Dar es Salaam ukavileta Mbeya hivyo hivyo. Huku hewa ina mgandamizo mdogo, gesi ya hamira ya unga (baking powder) inatanuka haraka kuliko keki inavyoshikana, inapanda ikakupa furaha dakika ya 20, ukifungua imebonyea katikati kama sahani. Punguza hamira ya unga kwa robo (vijiko 4 viwe 3), punguza sukari kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, ongeza maziwa vijiko vikubwa 2 au 3, na jiko liwe moto zaidi kwa nyuzi 10 hivi. Maji nayo huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage ya wasaidizi yaanze mapema.

Pamba za sukari: kilo 1 ya sukari inatoa 50 hivi. Siku ya ukungu au mvua zinanywea na kunata ndani ya dakika chache, kwa hiyo zitengenezwe mtoto akiwa amesimama mbele yako. Kwa Tukuyu usiziahidi kabisa, mvua ya Rungwe haina likizo. Bisi kilo 1 kavu ni mifuko 30 ya lita moja, ya karatasi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hata ile ya zawadi za kuondokea tumia karatasi au kitambaa.

Halafu usalama wa kula. Chini ya miaka 5 hakuna karanga nzima, pipi ngumu wala zabibu nzima. Soseji ikatwe kwa urefu kwanza, ndipo vipande. Ile ya mviringo inaziba koo sawasawa. Kwenye fomu ya mteja weka swali moja: nani hali nini? Karanga, mayai, maziwa. Na uliza kama kuna familia za Kiislamu kati ya waalikwa, ujue mapema kuku anachinjwa na nani.

Binti_Uyole

Ndaga sana wakubwa, nimeshafuta wazo la jumba. Swali dogo: maputo yanayoelea wateja wanayataka sana, kuna kijana anasema anajaza kwa bei rahisi. Na ratiba ya siku naipangaje? Saa ngapi mpaka saa ngapi?

FundiJenereta

Huyo kijana muulize gesi yake ni ipi. Puto linaelea kwa heliamu, ambayo haishiki moto, au kwa haidrojeni, ambayo inalipuka. Heliamu mitungi yake ni ghali na ya kutafuta, ingawa Bonde la Rukwa hapa jirani lilitangazwa mwaka 2016 kuwa na akiba kubwa. Anayejaza kwa bei ya kutupa, hasa kwa pipa analochanganyia vitu nyumbani, hiyo ni haidrojeni. Fungu la maputo hayo karibu na mishumaa ya keki linaunguza uso. Tundika ya hewa ya kawaida kwenye kenchi kwa uzi, yaning'inie vichwa chini. Kwenye picha hakuna atakayejua.

Mnyalu_Gangilonga

Kamwene. Niongezee la ratiba, maana hapo ndipo shughuli nyingi zinapofia.

Watoto wa mwaka 1 hadi 4, saa mbili zinatosha. Miaka 5 hadi 9, saa tatu. Zaidi ya hapo ni vilio. Juni na Julai anza saa 6 mchana umalize saa 9, maana jua likishalegea Iringa au Mbeya mtoto mwenye gauni jepesi la wavu anatetemeka, na Njombe na Makete ndiyo usiseme. Wakati wa mvua geuza: anza saa 4 asubuhi umalize saa 7, kwa sababu mvua yetu inapenda alasiri. Kwenye kadi andika nusu saa kabla ya muda wako halisi. Hakuna haja ya kueleza kwa nini.

Ukishaanza: dakika 30 za kufika na kuchora (karatasi na kalamu za rangi, wanaowahi wasizurure), dakika 40 za michezo, chakula, keki, zawadi, kwaheri. Michezo beba mitano uchezeshe mitatu: kijiko na ndimu, viti vya muziki, kukimbia ndani ya magunia, kuvuta kamba, rede. Viti vya muziki kwa wadogo usimtoe anayekosa kiti, toa kiti tu, wabanane. Ukimtoa wa miaka 4 analia hadi kwenye keki. Msaidizi mmoja kwa watoto 5 walio chini ya miaka 5, mmoja kwa 8 hadi 10 wakubwa, na mmoja wa ziada getini.

Chakula kitangulie keki. Mkianza na keki, pilau linabaki.

Kulishana keki ndiko kunakokula muda. Mshereheshaji akiachiwa ataita baba, mama, bibi, mashangazi, wajomba, majirani, wafanyakazi wenzake mama, na mtoto mwenyewe ameshasinzia. Kubaliana na familia majina yasiyozidi 8, mpe karatasi, na kila mtu na kijiti chake. Kijiko kimoja kupita midomo kumi si upendo.

Povu la kunyunyizia, lile la kopo jeupe: gesi inayolisukuma inashika moto. Utaratibu ni mshumaa uzimwe, utolewe juu ya keki, ndipo kopo liguswe. Au likataze kabisa kwenye makubaliano, mimi nalikataza. Na kumwagia mtoto maji kwa mtindo wa siku ya kuzaliwa, Julai, kwenye nyanda hizi, kataza bila kuomba radhi. Wajomba wakali wapeni kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu wakamwagie baba yake.

Msimu: Juni na Desemba shule zimefungwa, siku za kuzaliwa nyingi. Mahafali ya chekechea yako Novemba hadi mapema Desemba, hapo vile viti vidogo vitakulipa, tembelea shule Septemba kabla hawajampata mwingine. Januari ni ada na sare, usitegemee kitu, tumia kushona na kupaka rangi.

Karani_wa_Soko

Upande wa makaratasi kwa kifupi. TIN, namba ya mlipakodi, unapata TRA (mamlaka ya mapato) bila malipo. Leseni ya biashara inatoka halmashauri, kwako ni Jiji la Mbeya. Ukitaka jina la biashara, unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Tunza daftari la mauzo na risiti za manunuzi tangu siku ya kwanza, makadirio ya kodi kwa mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu na mwenye nazo hayafanani. Wapishi wako wawe wamepima afya, bwana afya akipita ndicho anachouliza. Muziki wa nje, mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema.

Picha: usirushe sura ya mtoto wa mtu kwenye ukurasa wako bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Weka kipengele kwenye makubaliano, mzazi achague: picha zote, mapambo tu, au hapana. Kwa kujitangaza, picha ya meza kabla watoto hawajaifikia ndiyo inayouza zaidi.

MamaMaputo

Karani kanikumbusha, makubaliano yawe ya maandishi hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: tarehe, saa ya kuingia kupamba, saa ya kumaliza, idadi ya watoto, bei ya kila mtoto wa ziada, nani analipa kiti kikivunjika, na mvua ikinyesha tunahamia wapi. Hilo la mwisho mteja atakwambia "haitanyesha". Nenda kaone sebule yake kabla, pima kwa hatua, ujue fremu ya mita 3 inaingia au haiingii. Mabomba yako yakiwa ya kufunguka, utatoa kipande cha katikati ikawa mita 2.

Na mabaki ya maputo yaliyopasuka yaokotwe palepale, kila moja. Kipande cha puto kwenye koo la mtoto anayetambaa hakitoki kirahisi. Mpe msaidizi mmoja mfuko wa karatasi, hiyo iwe kazi yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Binti_Uyole

Nimechukua yote. Jumamosi nakwenda Mwanjelwa kuulizia viti vidogo. Vya plastiki au vya mbao?

MamaMaputo

Plastiki, vinavyopachikana kimoja juu ya kingine. 30 vinakaa kwenye bajaji moja. Kabla ya kulipa kalia kimoja kimoja ukiwa mtu mzima, visivyopanuka miguu ndivyo vyako.